Namba Unayoiandika ni Ushahidi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tuzungumzie kazi ambayo vijana wetu wanaikimbia na wazazi wanaionea haya. Ni kazi ya kupita mitaani kwa niaba ya halmashauri kufuatilia hali ya mazingira. Kijana anavaa reflekta na gambuti. Anachota maji ya kisima yakapimwe, anatazama kama mtaro umeziba, anasoma kipimo cha mvua, anapima kelele. Mzazi analalamika: "Nimemsomesha mpaka kidato cha nne, leo aje kuchungulia mitaro?"

Upande wa pili wapo viongozi ambao wakimpata kijana huyo wanampa semina ya nusu siku. Mgeni rasmi anahutubia, soda zinanyweka, posho inatoka, picha ya pamoja inapigwa. Kesho yake anakabidhiwa fomu na kuambiwa aingie mtaani.

Msimamo wangu ni huu: kazi hii ni ushahidi, na shahidi hatumwi kabla hajafundishwa. Mzazi anayeidharau na kiongozi anayeifundisha juujuu wamekosea jambo moja. Wote wawili hawajaona uzito wa ile namba inayoandikwa kwenye fomu.

Ndugu yangu, kumbuka kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) sokoni, kilichopokewa na Imam Muslim. Alipita kwenye rundo la chakula kinachouzwa. Juu lilikuwa kavu. Hakutosheka na juu, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akaeleza kuwa kililowa mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akaonya kuwa mwenye kughushi si katika sisi.

Tunakitumia kisa hiki kuwaonya wafanyabiashara, na ni sawa. Lakini kina somo pia kwa mkaguzi: ukweli wa rundo hauko juu. Lazima mkono uingie.

Wanazuoni waliliendeleza jambo hili. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliweka mlango mzima wa hisba katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Muhtasib alisimamia mizani za sokoni, njia za watu na maji ya mji. Hakuwa mtu wa kudharauliwa, na hakuruhusiwa kuwa mjinga wa anachokikagua.

Chukua mfano mwingine tunaoujua sote: mwandamo wa mwezi. Mtu akija kusema ameuona, tunamwuliza maswali. Ulikuwa wapi? Saa ngapi? Uliuona upande gani? Ulikuwa na nani? Hatumtukani kwa kumwuliza. Swaumu ya umma inategemea jicho lake. Sasa tazama fomu ya mpimaji wa maji: mahali, tarehe, saa, aina ya chanzo, jina la aliyechota. Ni maswali yaleyale. Tofauti ni kwamba hapa kinachotegemea jicho lake ni matumbo ya watoto wa mtaa mzima.

Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji kuhadithiwa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba za mabondeni. Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapa jijini kikaenea mikoani. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani mpaka baharini, na kila tunachokitupa huko juu kinawafikia wenzetu huko chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Lakini afisa mmoja ofisini hana macho ya kuona kila mtaro. Macho yake ni hawa vijana.

Je, kijana wa kawaida anafundishika? Anafundishika. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 hapahapa Dar es Salaam, ulifundisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora ramani za mitaro na maeneo yanayofurika. Wengi hawakuwa wataalamu. Walifundishwa, wakatembea, wakaandika.

Na afundishwe nini? Nitaje machache muone kwamba nusu siku haitoshi.

Kwanza, kuchota sampuli ya maji ya bomba. Mdomo wa bomba unasafishwa, maji yanaachwa yatiririke kidogo, ndani ya kifuniko hapaguswi. Chupa ya kuchotea maji yenye klorini huwekewa dawa ya kuizima klorini, ili majibu ya maabara yasipotoke. Asiyefundishwa ataisuuza chupa ile kwa nia njema ya usafi, na dawa yote itamwagika. Nia yake ni safi lakini sampuli imeharibika. Kisha chupa iandikwe palepale, iwekwe kwenye baridi, ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isipite 24.

Pili, kupima klorini. Hii haisubiri maabara, kwa sababu klorini hupungua njiani. Kidonge kinatiwa, maji yanageuka waridi, rangi inalinganishwa. Shirika la Afya Duniani linataka klorini iliyobaki mahali watu wanapochotea isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Tofauti ya rangi hapo ni ndogo sana, jicho lisilozoezwa haliioni.

Tatu, kipimo cha mvua. Jicho liwe sawa na usawa wa maji, lisitazame kutoka juu, na kisomwe saa ileile kila siku. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Kijana akilielewa hilo, ataelewa kwa nini mtaro ulioziba ni hatari kabla hata wingu halijatanda.

Nne, na hili ndilo kubwa: aruhusiwe kuandika "sikupima". Akikuta geti limefungwa, kifaa kimeharibika au njia imejaa maji, aandike hivyo. Kijana anayeogopa kufokewa kwa nafasi iliyobaki wazi ataijaza akiwa amekaa kijiweni chini ya mwembe. Hapo ndipo namba zinapopikwa. Namba iliyopikwa ni mbaya kuliko kukosa namba, maana anayekosa namba hujihadhari, na aliyepewa namba ya uongo hunywa maji akiwa na amani.

Katika Suratul Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata tusilo na elimu nalo, na tukajulishwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kijana akiwa peke yake kisimani, msimamizi hamwoni. Ihsani ni kujua kwamba Allah anamwona.

Najua litakalosemwa: "Hawa ni vibarua wa miezi mitatu, tuwagharamie mafunzo ya nini?" Mama anayechota maji hajui mkataba wa aliyeyapima ni wa miezi mingapi. Kama pesa ni chache, punguza hotuba na soda, umpeleke kijana akatembee wiki mbili na bwana afya mzoefu. Ufundi wetu wote tumeupata hivyo, kwa kukaa pembeni ya fundi.

Nasi wenye misikiti tusijitoe. Kuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Siku kijana akija na kipimo chake mbele ya vipaza sauti vyetu, tusimfukuze kwa kumwita adui wa dini. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu. Tukimtaka aandike ukweli wa baa, tumkubalie aandike na ukweli wetu.

Basi nasema hivi. Kijana, nafasi ikitangazwa omba, na ukiingia dai kufundishwa. Mzazi, kuondoa cha kuudhi njiani tumefundishwa kuwa ni tawi la imani, usimvunje moyo mwanao anayetembea kukitafuta. Kiongozi, usimpe mtu fomu kabla hujampa elimu, na akikuletea namba usiyoipenda usimwonyeshe mlango.

Ewe Mola wetu, wape vijana wetu kazi za halali, wape mikono yenye ujuzi na ndimi zenye ukweli, na utulinde na maradhi ya maji machafu. Amin.

Wallahu a'lam. Mwenye nyongeza aandike hapo chini, na mwenye kijana anayetafuta kazi amsomee.