Nyota Isiyodumu na Anga la Temeke

Karabai huishinda koroboi kwa mwanga, lakini ndiyo iwahiyo kuishiwa mafuta. Ndivyo zilivyo nyota. Maisha yote ya Jua hukadiriwa kuwa miaka bilioni 10. Eta Carinae, yenye tungamo karibu mara 100 ya lile la Jua, huunguza akiba yake kwa kasi mara milioni kadhaa zaidi, hivyo haiwezi kudumu ila miaka milioni chache.

Desemba 1837 John Herschel, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, aliiona nyota hiyo iking'aa ghafla. Kufikia 1843, miongoni mwa nyota zote za usiku, ni Sirius peke yake iliyoipita. Herschel aliichora kwa mkono nebula iliyoizunguka, kwani ufundi wa kupiga picha ulitangazwa ulimwenguni mwaka 1839 tu.

Leo kazi hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi wa Mbagala. Mwezi Juni, masika yakiisha kupita, nebula hiyo huonekana jioni upande wa kulia wa Msalaba wa Kusini. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, lenzi ikaachwa wazi kwa sekunde 10, picha nyingi zikapigwa na kuunganishwa kwa kompyuta. Kwa kuwa Eta Carinae iko digrii 60 hivi kutoka ikweta ya anga, husogea kwa nusu ya kasi ya nyota zilizo juu ya ikweta hiyo. Mwalimu wa hisabati atawaonyesha wanafunzi kuwa hiyo ndiyo kosaini ya digrii 60.

Kikwazo ni taa. Anayetazama kusini kutoka Kinondoni hutazama juu ya Kariakoo na katikati ya jiji; aliye Mbagala huelekea Mkuranga, penye taa chache zaidi. Hata nafasi hiyo hupungua kadiri mji unavyopanuka. Haifai mitaa iachwe gizani, bali hapana budi taa zifunikwe juu, zimulike njia badala ya mawingu. Shule na zianze na taa zake zenyewe.

Tena, kila shule ipige picha moja kila Juni na kuihifadhi. Eta Carinae imekuwa ikiongeza mng'aro tangu miaka ya 1940. Baada ya miaka kumi picha hizo zitaonyesha mabadiliko mawili: ya nyota, na ya anga la Dar es Salaam.