Nionyeshe namba zote nne

Mwalimu alifika gerejini kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, Jumamosi moja asubuhi, akiendesha Toyota IST ambayo haikuwa yake bado. Mwenye gari alikaa kiti cha abiria, kadi ya gari mkononi. "Shikamoo, fundi," mwalimu akasema. "Nimeambiwa kompresheni ya gari hili ni 165. Hiyo ni nzuri au mbaya?"

Nikamjibu kwamba swali hilo halina jibu. Injini ina silinda nne. 165 ni ya silinda ipi? Ilipimwa injini ikiwa ya moto au ya baridi? Betri ilikuwa na nguvu? Hakujua, na mwenye gari naye hakujua. Fundi aliyepima alifungua plagi moja tu, akasoma geji, akataja namba, akapokea hela yake.

Nina ugomvi mkubwa na tabia hii, na nauandika hapa kwa sababu kila mwezi naona watu wakiuziwa gari bovu kwa namba moja, au wakikimbizwa kwenye gari zima kwa namba moja. Mtu amedunduliza miaka minne, mitano. Anastahili kupimiwa injini yake kwa dakika arobaini badala ya tano.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Ufundi niliujifunza Tanga, usawa wa bahari, na namba nilizozikariri ni za Tanga. Kwa injini ya 1NZ, ile iliyomo kwenye IST nyingi na baadhi ya Vitz, kitabu cha kiwanda kinataja PSI 213 kwa injini iliyo timamu, na isipungue 156. Mwaka wangu wa kwanza Mbeya, mteja aliniletea gari, nikapata 165, 163, 165, 162. Nikamwambia injini imechoka, inataka ringi. Nikaifungua. Kuta za silinda bado zilikuwa na ile michoro ya msalaba ya kiwandani, safi kabisa. Yule mzee alinilipa kwa kazi ambayo gari lake halikuihitaji.

Nilichosahau ni hewa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huku hewa ni nyepesi. Pistoni inaposhuka inavuta hewa pungufu, ikipanda inabana hewa pungufu. Injini ile ile ukiipima Tanga, kisha ukaileta Mbeya, namba inashuka kwa karibu sehemu moja ya sita bila kitu chochote kuharibika. Wenzetu wa Mombasa na Nairobi wana jambo hilo hilo. Kwa hiyo 213 ya kitabu, huku kwetu ni kama 177, na gari lenye 165 katika silinda zote lina maisha marefu mbele yake. Fundi asiyejua hili atakuuzia oveholi kwa nia njema kabisa, kama mimi nilivyofanya.

Ndiyo maana namba kubwa hainishtui wala hainifurahishi mpaka nione majirani zake. Silinda nne za injini moja zimeishi maisha mamoja: oili moja, joto moja, barabara moja. Zikichakaa, kwa kawaida zinachakaa pamoja. Moja ikiachana na wenzake, hapo pana habari. Kwa hii 1NZ kiwanda kinaruhusu tofauti ya PSI 14 tu kati ya silinda na silinda.

Basi IST ya mwalimu tukaipasha moto mpaka feni ikazunguka. Nikatoa plagi zote nne, nikachomoa soketi za koili na za nozeli, maana petroli ikimwagika ndani inaosha oili kwenye kuta na namba inadanganya. Betri nikaiunga na ya kwangu. Kijana wangu akakanyaga mafuta mpaka mwisho ili mlango wa hewa ufunguke wote. Usipokanyaga, injini nzima itasoma chini na utailaumu bure. Kila silinda tuliipigia starta mapigo sita, hakuna iliyozidishiwa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeandika: 168, 165, 118, 166.

Ile ya pili ndiyo 165 aliyotajiwa, kama si ya kwanza au ya nne. Ya tatu hakuna aliyeigusa.

Mwenye gari akasema ni plagi tu. Plagi haibani hewa, nikamwambia, na hapa zote ziko nje. Nikamimina kijiko cha chai cha oili kwenye silinda ya tatu, tukapima tena. Oili inaziba mwanya wa ringi kwa muda. Namba ingepanda hadi 150 na kitu, ningejua ringi zimekwisha, na hiyo ni kazi ya kushusha injini. Ikasoma 121. Kwa hiyo hewa ilikuwa inatokea juu. Kama silinda mbili zilizopakana zingekuwa chini pamoja, ningeshuku gasketi ya hedi katikati yake, lakini ya pili na ya nne zilikuwa nzima. Nikapandisha pistoni ya tatu juu kabisa, valvu zake zikiwa zimefunga, nikaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi. Mwalimu akaenda nyuma, akainama kwenye ekzosi, akasikia upepo ukivuma. Valvu ya kutolea moshi haikai sawa. Kushusha hedi, kusaga valvu au kubadili, kurudisha.

Nilimweleza pia kile ambacho kipimo hiki hakisemi. Gari linaweza kula oili lita nzima kwa mwezi na bado likasoma vizuri, kwa sababu ringi ya oili ni nyingine na ringi za kubana ni nyingine. Tena oili yenyewe ikiingia ndani inaziba na kupandisha namba. Masizi yakijaa juu ya pistoni nayo yanapandisha. Namba iliyozidi ya kitabu ni ya kutiliwa shaka sawa na iliyopungua.

Kuna wauzaji wanaokataa plagi zisiguswe eti nyuzi zitaharibika. Fundi anayejua kazi hufungua injini ikiwa imepoa kidogo na hufunga kwa mkono kwanza. Mwenye gari anayekataa kabisa, muache na gari lake. Na fundi anayekutajia namba moja, mwambie akuandikie zote, aandike injini ilikuwa na joto gani, na amepimia mji gani.

Mwalimu na mwenye gari walikaa kwenye benchi langu wakapatana upya, gharama ya hedi ikatolewa kwenye bei. Baada ya kazi tulipima tena mbele yake: 167, 165, 163, 166. Ile karatasi yenye 118 hakuitupa. Ameibana pamoja na hii mpya ndani ya daftari la sevisi, na aliporudi juzi kubadili oili, kabla sijafungua boneti aliniuliza betri yangu ina chaji kiasi gani.