Meza ya New York na Kiti cha Siyu

Upo mtindo wa kusikitisha katika mafunzo yetu ya historia ya sanaa. Mwanafunzi aonyeshwapo kiti cha enzi cha Siyu au cha Lamu, cha mpingo kilichotiwa njumu za pembe, swali la kwanza aulizwalo ni: kililetwa na nani? Mmoja hujibu Mmisri, wa pili Mhindi, wa tatu Mreno. Fundi wa Siyu hatajwi kabisa.

Hebu tuitazame meza moja iliyomo katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Iliundwa kati ya 1879 na 1882 na karakana ya Herter Brothers kwa maktaba ya William H. Vanderbilt, tajiri wa reli. Ni ya mti mgumu wenye wekundu, na imepambwa kwa shaba na lulumizi. Juu yake zimetiwa njumu za nyota, na kila upande wa mwisho una nusu ya tufe la dunia. Mwenye nyumba aliketi, mbingu mbele yake na dunia ubavuni! Majivuno ya matajiri hayana kipimo.

Sasa tuulize lile swali letu. Gustave na Christian Herter walikuwa Wajerumani kutoka Stuttgart. Uzito wa umbo la meza yao wakumbusha samani za Warumi. Karakana iyo hiyo iliunda kabati jeusi lenye maua ya njumu yaliyotawanyika kana kwamba yanapukutika, mtindo wa Kijapani ulioenea baada ya Japani kuwafungulia Wamarekani bandari mwaka wa 1854. Pamoja na hayo yote, meza hiyo huhesabiwa, pasipo kigugumizi, kuwa sanaa ya Marekani.

Kwa nini basi kuchanganya kuwe ubunifu kwa akina Herter, na kwa fundi wa Siyu kuwe uigaji? Yeye naye aliuchagua mpingo, akaipasua pembe vipande vyembamba, akasuka kamba za kikalio, akakiunda kiti cha kumkalisha mgeni wa heshima.

Sisemi athari za ng'ambo zifichwe. Pepo za misimu hazikuleta vyombo vitupu. Mwalimu na azitaje. Lakini mtihani uulize pia fundi alichukua nini, alikataa nini, na aliongeza nini. Mwanafunzi wa Lamu hahitaji nauli ya New York ili ajibu. Viti hivyo vimo katika makumbusho ya mji wake.