Bomba la sindano lilinisumbua kuliko sindano yenyewe

Paka wangu alikuwa anamaliza bakuli la maji na kukonda huku anakula. Daktari wa mifugo akapima damu na mkojo: kisukari. Kumdunga insulini kila baada ya saa 12 nilizoea upesi. Namwinulia ngozi ya shingo akiwa anakula, wala hashtuki (mimi ndiye niliyetetemeka). Jamani, angalieni bomba! Insulini ya wanyama mara nyingi ni yuniti 40 kwa mililita, ya binadamu 100, na kila moja ina bomba lake. Ukichanganya, kipimo kimeharibika. Wali na ugali nimemkatia. Akisusa chakula, nampigia daktari kabla ya kudunga. Akilegea au kuyumba kwa sukari kushuka, nampaka asali kwenye ufizi, kisha mbio kwa daktari.