Butembo: baridi ya mtalii na baridi ya mhami



Kuna wanaosema mji wetu wa Butembo ungekuwa mji wa utalii kama vita vingeisha. Mimi nakubali. Tuko kwenye mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mstari wa ikweta unapita kilomita chache tu kusini mwetu, na bado jioni watu wanavaa koti. Mtu anayetoka kwenye joto la Kisangani akifika hapa analala vizuri. Asubuhi anaweza kupanda kilima na kutazama ukungu bondeni, kunywa kahawa ya milima ya Lubero, kisha kutembea katika soko ambalo wafanyabiashara wetu wamelikuza kwa jasho lao.

Lakini wageni wengi tulio nao leo hawakuja kutembea. Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa 6, 2024, familia nyingi zilikimbilia Lubero na Butembo. Wengine wamekimbia mauaji ya ADF upande wa Beni. Wengi wanaishi katika familia zilizowapokea, wakibanana chumba kimoja. Hewa ile ile ambayo mtalii angeilipia pesa ndiyo inayomkosesha usingizi mtoto wa mhami asiye na blanketi.

Kwa maoni yangu, utalii wetu tuuanzie hapo. Mgeni akirudi kwao husimulia kwanza namna alivyopokelewa, milima inafuata. Wahami nao watarudi kwao siku moja, na watasimulia. Mwenye nyumba anayepandisha kodi kwa sababu tu mpangaji ni mhami, au anayedai garanti ya miezi mingi kwa mama aliyefika na mtoto mgongoni, analiharibu jina la mji kuliko mashimo ya barabara.

Kwa hiyo, kila kanisa, kila msikiti na kila mtaa ukusanye mablanketi na masweta sasa, tusingoje msaada kutoka mbali. Viongozi wa mji wakae na wenye nyumba, waelewane juu ya kodi ambayo mhami anaweza kuilipa.

Na ninyi ndugu wahami, msiijue Butembo kwa foleni ya msaada peke yake. Siku ya Jumapili toka na watoto, mwombe mwenyeji awaonyeshe kilima kilicho karibu na awaambie jina lake. Kutazama hakulipishwi, na mtoto aliyeona vita anahitaji kuona kitu kingine.

Amani ikirudi, mtalii wa kwanza ninayemtamani ni mama wa Kanyabayonga, aje hapa kwa hiari yake, na maharagwe ya shamba lake mkononi, kuwasalimia waliompokea.