Bati jipya, kenchi ileile

Mvua ya mawe ikishapita, picha zinazofuata huwa ni zilezile. Kiongozi amesimama mbele ya lundo la mabati, kamera zimemzunguka, na pembeni kuna kaya zinazosubiri kuitwa majina. Mabati yanagawiwa, fundi anaitwa, na kabla ya jua kuzama nyundo zimeanza kulia. Aliyepanda ngazi kuzitazama mbao zinazopigiliwa hayupo katika picha hiyo. Hatuna ugomvi na msaada. Ugomvi wetu ni kwamba bati linamtangulia mkaguzi, na mara nyingi mkaguzi mwenyewe hafiki kabisa.

Tunasema hivi: nyumba ambayo paa lake limepigwa na mawe au kunyanyuliwa na upepo isiezekwe upya, wala watu wasirudishwe kulala ndani, mpaka mtu mwenye ujuzi, anayejulikana kwa jina na cheo, awe ameikagua na kuandika alichokiona. Wajibu huo ni wa halmashauri kwanza, kisha wa mwenye nyumba, kisha wa fundi.

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na wengi walifukiwa na kuta za nyumba zao za tope. Aliyehesabu mabati yaliyopeperushwa Mwakata alihesabu sehemu ndogo ya msiba. Ukuta wa tope husimama kwa sababu paa linaukinga na maji. Paa likishaezuliwa, ukuta unaloa kuanzia juu, na unaweza kudondoka saa kadhaa baada ya mawingu kuondoka. Kwa hiyo mtendaji anayekwenda na daftari kuuliza “bati ngapi zimekwenda?” bila kugusa ukuta hajafanya tathmini. Ameandika oda ya dukani.

Wapo wanaosema haya ni ya Mungu na hayazuiliki. Mawe hayazuiliki, ni kweli. Lakini nyanda za juu na maeneo ya Kanda ya Ziwa hupata mvua za namna hii msimu baada ya msimu, na jirani zetu wa Kericho nchini Kenya wanaishi katika mojawapo ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Jambo linalorudi hivyo haliwi tena ajali ya kumshangaza mhandisi wa halmashauri.

Tueleze basi ukaguzi ni nini, maana wengi wanaotakiwa kuufanya wanaudhania kuwa ni kutembea kuzunguka nyumba na kutikisa kichwa.

Jiwe lenye kipenyo cha kati ya sentimeta 2.5 na 4.5 huanguka kwa kasi ya takriban kilometa 40 hadi 65 kwa saa. Likigonga bati huacha kibonyeo, na kibonyeo peke yake hakivujishi. Cha kutazama ni kama ngozi ya zinki au rangi imebanduka, kwa sababu hapo kutu itaingia, na kama bati limepasuka kwenye mkunjo au pale linapolaliana na jingine. Bati jembamba hupasuka upesi. Katika geji, namba ikipanda unene unashuka: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Anayegawa msaada wa geji 32 mahali palipotobolewa na mawe juzi ajue anachokigawa.

Upepo una hila zaidi. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne, na kazi yake kubwa kwenye paa ni kulivuta kwenda juu. Pembe, ukingo na kofia ya paa ndiyo huumia kwanza, pamoja na baraza, kwa kuwa hapo upepo unapata pa kuingilia kwa chini. Dirisha au mlango ukipasuka, upepo unaingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini huku ule wa nje ukilivuta kutoka juu.

Mara nyingi paa hunyanyuka kidogo, likatua tena palepale. Kutoka barabarani utaapa kwamba ni zima. Panda ngazi uangalie misumari: kichwa kimeachana na bati, mpira wa chini yake umechanika, na tundu lililokuwa duara limekuwa la mviringo mrefu kama tundu la kifungo. Ingia darini mchana, acha macho yazoee giza, uone nyota za mwanga zilipo. Kisha gusa papi na kenchi, hasa pale mbao zinapokutana, utafute ufa mpya wenye rangi nyeupe ya ndani ya mti. Mwisho shuka kwenye mbao inayolala juu ya ukuta na ujiulize imefungwa na nini. Kama jibu ni misumari miwili iliyopigwa kwenye saruji laini, ama waya uliooza, basi paa hilo halijashikwa na kitu isipokuwa uzito wake, na bati jipya halitabadilisha hali hiyo.

Kupigilia bati jipya kwenye matundu ya zamani ya papi ni kosa la kila siku, na ni la makusudi, kwa kuwa linaokoa muda. Msumari unaoingia kwenye tundu lililokwisha kulegea hausubiri dhoruba. Papi ihamishwe au ibadilishwe, misumari iongezwe pembeni na ukingoni, na kenchi ifungwe kwa ukanda wa chuma unaoteremka hadi kwenye lenta. Gharama ya ukanda huo ni ndogo mno ukilinganisha na ya mabati, ndiyo maana inatukera kuona msaada wa mamilioni ukifika bila hata kilo moja ya ukanda.

Kuna hatari mbili ambazo hazivumilii uzembe. Ya kwanza ni umeme. Nyaya nyingi hupita chini ya bati, na bati lililosogea linaweza kuzikata ngozi. Hapo paa lote, pamoja na gata na ngazi ya chuma, huwa na umeme. Swichi kuu izimwe kabla mtu hajapanda, na kama waya wa nje umeanguka, asogee mtu wa shirika la umeme peke yake. Ya pili ni asbesto. Nyumba nyingi za zamani za watumishi bado zimeezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbesto, ambayo hayabonyei bali huvunjika. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, miaka mingi baada ya kuvutwa. Vipande hivyo visifagiliwe vikiwa vikavu, visikatwe kwa msumeno, visipewe watoto wabebe, na visitumike kuziba banda la kuku. Viloweshwe, vifungwe kwenye nailoni nzito, na halmashauri ielekeze vinakozikwa. Mwajiri anayemwambia mtumishi wake “tafuta kijana aondoe hivyo vigae” anamtuma kijana huyo kwenye ugonjwa.

Sasa mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapozungumzia upangaji wa sehemu ya jengo, inamwachia mwenye jengo wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Mpangaji wa chumba na sebule hapaswi kuchangishwa bati. Hata hivyo tunaona wapangaji wakiweka ndoo chini ya dari kwa miezi, kodi ikidaiwa mwisho wa mwezi bila kuchelewa. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo hana haki ya kusema hana fedha ya misumari. Turubai la kuziba kwa muda ni halali siku ile ya kwanza na juma lile la kwanza. Likifika mwezi wa tatu limeshakuwa paa, na huyo mwenye nyumba amevunja wajibu wake.

Wachache wenye bima nao wasome mikataba yao kabla ya msimu, kwa kuwa bima ya moto haina maana kwamba dhoruba imo. Mara nyingi kipengele hicho huongezwa na kulipiwa. Dhoruba ikipiga, piga picha, hifadhi mabati yaliyochanika, ziba kwa turubai ili hasara isikue, na usianze matengenezo makubwa kabla mkadiriaji hajafika.

Kuhusu mafundi tutasema machache. Fundi maiko yupo kwa sababu tunamwita sisi, na tunamwita kwa sababu bei yake ni ndogo. Lakini yule aliyesomea upauaji, anayejua kwamba kenchi imepasuka na bado akaifunika kwa bati kwa kuwa mwenye nyumba amesema “wewe piga tu”, huyo hana cha kujitetea. Aseme hapana, akusanye vifaa vyake, aondoke.

Tunarudi kwa halmashauri, kwa kuwa ndiyo yenye mhandisi anayelipwa mshahara wa umma. Kamati za maafa zipo kwa mujibu wa sheria, kuanzia taifa hadi ngazi za chini, na katika maeneo mengi hukutana baada ya maziko. Zikutane kabla ya mvua. Kila kata iwe na orodha ya mafundi waliokaguliwa na fomu ya ukurasa mmoja: ukuta, mbao ya juu ya ukuta, kenchi, papi, misumari, bati, umeme, asbesto, na uamuzi wa aina tatu tu, yaani irudiwe, ikarabatiwe kwanza, au isiingiwe. Chini yake jina, cheo, sahihi na tarehe. Bati la msaada litoke ghalani kwa fomu hiyo, na ukanda wa chuma na misumari vitoke pamoja nalo. Na mhandisi ambaye hana ngazi wala gari la kumfikisha kijijini amwandikie mkurugenzi wake barua yenye kumbukumbu namba, sasa, wakati mbingu ni nyeupe.