Kuuliza si Ujinga



Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyojaza abiria kupita uwezo wake, ilipinduka karibu na Mwanza. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na ndani watu walisikika wakigonga. Waokoaji walilitoboa ili wawatoe. Hewa iliyoizuia meli isizame ikatoka, nayo ikazama. Watu zaidi ya 800 walikufa.

Nia njema haikukosekana. Lililokosekana ni swali: ni kitu gani kinachoishikilia meli hii?

Hatuandiki haya kumhukumu mtu, bali tujiulize tunawalea vijana wetu namna gani. Mwaka 1967, katika “Elimu ya Kujitegemea”, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Je, ni wangapi wahitimuo chuo kikuu kwa kukariri maneno ya mhadhiri, kisha wakaingia ofisini na kuitikia “Ndiyo, mzee” kwa kila jambo? Ukimya huo twauita heshima. Mara nyingi ni woga. Heshima ya kweli humwambia mkubwa ukweli mapema, kwa adabu na kwa hoja.

Wazazi, msimkemee mtoto aulizaye “kwa nini?” Wahadhiri, tungeni mitihani isiyojibika kwa kukariri. Nasi mapadre na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo tuanzie nyumbani: mapato na matumizi ya parokia yasomwe hadharani, na waumini waulize bila hofu.